Kitenzi cha Kiingereza "Give Up" na Taabu ya Kukifasiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanafunzi wetu, na kuwasumbua waalimu wao zaidi ijapokuwa hawasemi, hakuna yaliyo magumu kuliko yale mafupi yaliyofungwa mawili mawili: kitenzi kimoja cha kila siku, na nyuma yake kineno kidogo kama "up", "off", "in" au "out". Mwanafunzi akijua ya kuwa "give" ni kutoa au kumpa mtu kitu, na "up" ni juu, hudhani amekwisha kujua "give up". Naye hajajua lolote. Akifasiri kiungo kwa kiungo atasema "toa juu", na hakuna Mswahili aliyewahi kutoa juu. Tumeazimia katika kurasa hizi kukichungua kitenzi hiki kimoja tu, maana ni afadhali kumjua vema mtu mmoja wa ukoo kuliko kuwaamkia wote kwa mbali. Na mahali tunapoona ya kuwa desturi ya shule zetu katika kukifasiri imepotoka, tutasema waziwazi.

Waingereza wenyewe wameuona ugumu huu zamani. Samuel Johnson, alipoitoa kamusi yake kubwa mwaka wa 1755, alieleza katika dibaji ya kuwa vitenzi vinavyogeuzwa maana kwa kufuatwa na kineno ndivyo vinavyowataabisha wageni kuliko vyote, akajitahidi kuvikusanya. Jina ambalo wanavyuoni huviita leo, yaani "phrasal verbs", lilienea kwa kitabu cha Logan Pearsall Smith kiitwacho Words and Idioms, kilichotoka mwaka wa 1925. Naye alieleza ya kuwa jina hilo alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Basi watu walivitumia vitenzi hivi kwa karne nyingi bila kuvipa jina. Hapa tutaviita vitenzi vyenye mkia, kwani kineno kile hukaa nyuma na kukigeuza kitenzi upande huu na huu, kama mkia wa samaki umgeuzavyo samaki. Hatudai ya kuwa jina hilo ni zuri. Latosha kwa kazi yetu.

Yafaa tuanze na mahali pa kale. Watawa wa Peterborough katika Uingereza walikuwa na kitabu cha tarehe, na masimulizi yake yakoma mwaka wa 1154. Ndani yake, katika habari za Mfalme Stephen aliyetawazwa mwaka wa 1135, twasoma ya kuwa mfalme aliwakamata Roger Askofu wa Salisbury, na Alexander Askofu wa Lincoln, na Roger kansela, akawatia kifungoni wote hata walipozitoa ngome zao. Na neno lililotumika hapo kwa kuzitoa ngome ni hili hili "give up", kwa tahajia ya kale.

Twamwomba msomaji aishike picha hii, maana ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo. Yuko mtu mwenye ngome. Ameishika, na milango yake ameifunga. Yuko mwingine aitakaye. Mwenye ngome hatoi kwa ukarimu, wala haibiwi. Huishikilia hata nguvu au nafasi yake ikaisha, ndipo aiachilie kwa mkono wake mwenyewe. Pasipo kushika kwanza, hakuna "give up". Mtu hawezi ku-"give up" kitu ambacho hakuwa nacho, wala alichonyang'anywa.

Na historia ya pwani yetu yatuonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mfano wowote wa kubuni. Wareno wa Ngome ya Yesu, Mombasa, walizingirwa na jeshi la Omani tangu Machi 1696 hata Desemba 1698. Mwisho ngome ilitwaliwa kwa kushambuliwa, wakati walipokuwa wamebaki ndani watu wachache mno. Hao hatuwezi kusema kwa Kiingereza ya kuwa "they gave up the fort"; waliipoteza. Lakini Wareno walirudi mwaka wa 1728 wakaipata ngome ile tena, na mwaka wa 1729 wakazingirwa na watu wa Mombasa, wakakubali masharti, wakatoka, wakaenda zao. Hapo ndipo lifaapo neno letu: "they gave up the fort". Ngome ni ile ile, watu ni wa taifa lile lile, na mwisho wake ni mmoja, yaani Wareno kuondoka. Walakini kitenzi ni mbalimbali, kwa sababu mara ya kwanza mkono haukuachilia, na mara ya pili uliachilia.

Kwa jambo hili Kiswahili kina neno lililo sawasawa kabisa, nalo ni kusalimu amri. Asili ya salimu ni Kiarabu, nayo hukusanya pamoja amani na kukabidhi. Ndiyo maana neno moja latufaa kwa kumwamkia mtu njiani na kwa kumwachia adui ngome. Asalimuye amri huutoa mkononi mwake uwezo wa kuamuru, akautia mkononi mwa mwingine, akapata amani kwa bei hiyo. Mwanafunzi akiuliza maana ya kwanza ya "give up", ajibiwe hivyo.

Sasa, je, "up" yafanya nini humo? Si juu ya kimo. Waingereza husema "eat up", "drink up", "burn up", na kila mara kineno kile husema ya kuwa tendo limefika mwisho wake, hakikubaki kitu. Waalimu wengi huliacha jambo hili kama fumbo la wageni, na kumbe sisi tunacho kitu cha namna hiyo nyumbani. Twasema kumwulia mbali nyoka, twasema kuyatupilia mbali maneno ya mchongezi, twasema mtu aliyekasirika amemwambia mwenziwe, "Potelea mbali!" Nyoka aliyeuliwa mbali yuko papo hapo miguuni petu, hakwenda popote. Mbali hapa si umbali, kama "up" isivyo urefu wa kwenda juu. Ni ukamilifu wa tendo. Tena kitenzi chetu hubadilika umbo ili kukipokea kineno hicho: si kuua mbali, bali kuulia mbali, si kutupa mbali, maana hapo tungekuwa tumerudi kwenye umbali wa kweli, kama mtu atupaye jiwe. Tumeona ya kuwa mwanafunzi akionyeshwa hayo kwa Kiswahili kwanza, huacha kuuliza "juu ya nini?" siku ile ile. Ajabu ni ya kuwa vitabu vingi vya mafundisho havimwonyeshi.

Tukiisha kushika hayo mawili, kushika na kuachilia kabisa, matumizi mengine yafuata bila kelele. Mtu aliyezoea tumbako huishika tumbako, au tuseme tumbako yamshika yeye. Akiiacha, "he gives up smoking", nasi twasema ameacha kuvuta. Mtu aachaye sukari siku za Kwaresima, ili aionje tena Pasaka, Mwingereza humwekea kitenzi kile kile. Lakini Kiswahili chapambanua, kwani huyo hakuacha sukari, amejinyima. Kijana aliyeketi garini akaingia mzee, akaondoka amwachie nafasi, kwa Kiingereza "he gave up his seat". Sisi twasema amempisha mzee. Na neno letu hapo ni bora kuliko lao, maana kupisha ndani yake mna adabu tayari, na yule mzee ametajwa hata asipotajwa. Lakini kitenzi cha Kiingereza chajua kiti tu. Mwenye kuacha kazi, mwenye kuachilia dai lake la shamba, mwenye kuyaacha masomo, wote huenda njia hiyo, wala hatuna haja ya kuwafuata mmoja mmoja.

Lakini hapa ndipo yalipo makosa tuliyokusudia kuyasema. Katika shule nyingi mwanafunzi hupewa orodha ya maneno, upande huu Kiingereza na upande huu Kiswahili, kila neno na mwenziwe mmoja. Na mbele ya "give up" huandikwa "kata tamaa", basi. Twasema bila kuogopa ya kuwa orodha hiyo ni mbaya. Kukata tamaa ni habari ya moyo. Kuacha ni habari ya tendo. Mtu aweza kuacha ulevi akiwa amejaa matumaini kuliko siku zote za maisha yake. Ukisema ya kuwa amekata tamaa ya pombe umempotosha asikiaye, maana atafahamu ya kuwa aliitamani akaikosa. Na kinyume chake ni kweli pia: yuko mama amwuguzaye mtoto, tumaini limekwisha moyoni, walakini haachi kumnywesha dawa kwa saa zake. Amekata tamaa, lakini kwa Kiingereza "she has not given up". Orodha ile yamfanya mama huyo awe mtu wa namna nyingine kabisa. Waingereza wenyewe wakitaka kusema habari za moyo husema "give up hope", wakikitaja kitu kinachoachiliwa. Na hapo, na mahali pengine pachache, ndipo kukata tamaa kunapofaa kweli.

Nalo kata latupasa kulitazama, kwani katika Kiswahili ni kitenzi chenye watoto wengi: kukata shauri, kukata kiu, kukata rufani, kukata kauli, kukata roho. Mgeni ajifunzaye Kiswahili, akijua ya kuwa kata ni kazi ya kisu, husimama mbele ya maneno hayo kama mwanafunzi wetu asimamavyo mbele ya "give up". Kwa nini aliyekata shauri ameanza jambo, na aliyekata tamaa amelimaliza? Twayataja haya kwa ajili ya wale wasemao ya kuwa Kiingereza ni lugha ya ovyo isiyo na kanuni. Kila lugha humficha mgeni kitu nyuma ya vitenzi vyake vifupi. Wao huficha katika mkia, sisi huficha katika jina lifuatalo.

Madhara ya kufasiri vibaya si ya darasani tu. Twajua nyumba moja ambako barua ilifika kutoka hospitali ya mbali, nayo ilikuwa ya Kiingereza, habari za mzee aliyelazwa huko. Ndani yake mlikuwa na maneno ya kuwa waganga "had given him up". Aliyeisoma alikuwa mjukuu wa shule, hodari wa hesabu, mwenye Kiingereza cha orodha. Alijua "give" ni kutoa. Akamwambia nyanya yake, "Bibi, waganga wamemtoa babu." Na kumtoa mgonjwa hospitali, kwa masikio ya nyumba ile, ni kumruhusu arudi kwao. Bibi akafagia ua, akaazima kitanda cha kamba chenye kamba mpya, akawatumia majirani habari. Kwa muda wa siku nne walimngoja abiria. Siku ya tano ilifika barua ya pili, na hiyo ilisomwa na mtu mzima. Hatumlaumu mtoto. Alisoma kama alivyofundishwa. Maana ya maneno yale ilikuwa waganga wamemkatia tamaa, yaani wameachilia tumaini la kumponya. Na lau yangalisomwa hivyo siku ya kwanza, palikuwa na nafasi ya kufunga safari, na mzee angalikutwa hai na watu wake.

Kuna mahali pengine ambapo tofauti ya herufi mbili yaweza kumwumiza mtu, napo ni barazani kwa hakimu. Kiingereza husema juu ya mtu aliyetafutwa na polisi, kisha akaenda kituoni mwenyewe, "he gave himself up". Mkalimani asiyeangalia atasema, "alijitoa". Lakini kujitoa kwa Kiswahili ni kuondoka katika jambo, kama mtu ajitoaye katika chama au katika ugomvi. Hakimu atafikiri mshitakiwa alijiepusha. Mwingine atasema, "alijitolea kwa polisi", na hapo mshitakiwa amekuwa mtu wa hiari, kama aliyekwenda kuomba kazi ya uaskari. Kumbe alijisalimisha. Neno hilo moja lachukua yote: ya kuwa alikuwa huru, ya kuwa alitakiwa, na ya kuwa alikwenda kwa miguu yake. Na kwa kuwa mahakimu huweza kumhesabia mtu wema katika jambo hilo, ni haki yake lisemwe sawasawa. Kujitolea nako kuna mahali pake, kwani Mwingereza husema pia ya kuwa mtu "gave himself up to" kazi fulani au maombi. Huyo ndiye aliyejitolea. Tazama basi jinsi viambishi vyetu vifanyavyo kazi ambayo kwa Kiingereza haifanywi ila kwa kuyasikiliza maneno yanayofuata.

Tumefika sasa mahali ambapo kitenzi hiki kimegusa Maandiko, nasi hatuwezi kupita bila kusimama. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka wa 1611, wainjilisti watatu, Marko, Luka na Yohana, wanaposimulia kufa kwake Bwana, wamewekewa maneno mamoja, "gave up the ghost"; na Mathayo amewekewa "yielded up the ghost", ambayo ni karibu na hayo. Msomaji wa Kiingereza hudhani ya kuwa wote wanne walisema neno moja. Sivyo. Kwa Kiyunani Marko na Luka husema ya kuwa alitoa pumzi ya mwisho. Mathayo husema ya kuwa aliiachilia roho. Na Yohana husema ya kuwa aliikabidhi. Biblia yetu ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka wa 1952, haikuwafuata Waingereza katika jambo hili. Kwa Marko na Luka imeandika kukata roho, kwa Mathayo kuitoa roho, na kwa Yohana kuisalimu roho.

Twakiri ya kuwa tuliposoma mara ya kwanza neno hilo la Yohana tulilipenda kabla ya kujua sababu. Sababu ni hii: aliyekata roho amekoma, aliyesalimu roho amemkabidhi mtu. Ndiyo maana ya kwanza ya "give up", ile ya ngome na funguo, nayo katika Kiingereza cha 1611 ilikuwa bado yasikika, lakini kwa kuandikwa mahali pote sawasawa imefifia hata haisikiki tena. Wafasiri wetu waliirudisha mahali pake, na mahali pake tu. Wako wasemao ya kuwa Kiswahili cha Biblia kilikopa mno kutoka Kiingereza. Katika vifungu hivi vinne neno hilo si kweli, na apendaye na alinganishe.

Neno "ghost" nalo limepatikana na msiba wake. Zamani lilikuwa roho kwa jumla. Leo Mwingereza wa kawaida alisikiapo hufikiri mzuka wa makaburini. Kwa hiyo maneno yale yaliyokuwa mazito yameshuka cheo, na siku hizi husemwa hata juu ya gari lililokataa kwenda: "it has given up the ghost". Sisi twasema injini imekufa, na hatuongezi kitu. Lakini katika Ufunuo, mahali ambapo bahari huwatoa wafu walio ndani yake, Kiingereza cha 1611 kimeweka "gave up" na Kiswahili kimeweka toa, na vyote viwili vimepata. Kwani bahari iliwashika wale wafu kama ngome, na sasa yaambiwa ifungue. Hapo "toa" ya yule mjukuu ingefaa. Neno halina kosa kwa asili. Kosa ni mahali lilipowekwa.

Msomaji mwenye nyumba ya watoto huenda amekwisha kutufikia mbele, akikumbuka mchezo wa jioni. Mtu hutega kitendawili, wenziwe wakashindwa kukitegua. Mtoto wa Kiingereza katika hali hiyo husema, "I give up." Mtoto wa Kiswahili hufanyaje? Mtegaji humwambia, "Nipe mji!" Naye hutaja mji, Unguja au Mombasa au Tabora, na mtegaji akiukubali huenda huko kwa maneno, akajisifu jinsi alivyopokewa, alivyokula na alivyokunywa, kisha ndipo atoe jawabu. Yaani huyu ameshindwa vita ya maneno na ametoa mji! Sisi tulipoweka jambo hili kando ya kitabu cha watawa wa Peterborough tulicheka kwa furaha. Hatusemi ya kuwa mmoja alimwiga mwenziwe. Hapana njia ambayo ingalipita kati yao. Lakini watu wawili wasiojuana waliona ya kuwa kushindwa ni kutoa boma, mmoja akalificha ndani ya kitenzi hata akasahau, na mwingine akaufanya mchezo ambao watoto wake huucheza waziwazi. Ikiwa yuko mwalimu atakaye kufundisha "I give up" asisahaulike, na aache orodha, aanze na kitendawili.

Imebaki tofauti moja ambayo hata Waingereza huikosa, nayo ni kati ya "give up" na "give in". Mtoto humlilia mama yake apewe muwa; mama akataa, mtoto alia zaidi; mwisho mama akata kipande ampe. Mama huyo "has given in". Amelegea, ameridhia shingo upande, kwa sababu ya shuruti ya mwingine. Lakini kama mtoto alichoka kulia akaenda kucheza, mtoto "has given up". Hakushurutishwa na mtu. Jitihada yake imeisha yenyewe. Basi tarehe 29 Oktoba 1941, wakati wa vita, Winston Churchill aliwahutubia wanafunzi wa Harrow, shule aliyosoma yeye, akawaonya wasi-"give in", akarudia neno hilo, akaongeza ya kuwa kuna jambo moja tu la kulegea kwalo, nalo ni heshima na busara njema. Tangu hapo watu wengi hulisimulia neno lake kuwa "never give up", na wengine husema ya kuwa hotuba nzima ilikuwa maneno hayo matatu, kisha akaketi. Hotuba yenyewe ni ndefu kuliko hivyo. Waliobadilisha kineno kile kimoja wamebadilisha hotuba. Churchill hakusema habari za uchovu, alisema habari za adui mwenye nguvu. Kwa Kiswahili neno lake ni msikubali kulegea mbele ya nguvu. Na lile la watu ni msichoke. Mtu akiyaandika yote mawili "msikate tamaa", kama tulivyoona yakiandikwa ukutani, hakufasiri hata moja.

Wako waalimu wawakatazao wanafunzi kuandika vitenzi vyenye mkia katika insha, wakisema ya kuwa ni maneno ya sokoni, na badala yake waandike "surrender", "abandon", "renounce" na mengine yenye asili ya Kifaransa na Kilatini. Hatukubaliani nao, ila kwa sehemu. Hati ya tarehe 10 Desemba 1936, ambayo kwayo Mfalme Edward wa Nane aliuacha ufalme, imetumia "renounce", na ilipasa iwe hivyo, kwani hati ya sheria yataka neno lisilo na maana ya pili. Lakini watu majumbani walisema "he gave up the throne", na hakuna aliyewaona wajinga. Neno lililokaa katika kitabu cha watawa na katika Biblia ya 1611 si neno la sokoni. Mwanafunzi asiyeandika kamwe ila "renounce" atasikika kama mtu avaaye joho kwenda kisimani.

Juu ya mpango wa maneno tutasema machache, maana vitabu vya sarufi vyaeleza vya kutosha. Yafaa kusema "give up the fort", na "give the fort up" yafaa pia. Lakini kikitumika kiwakilishi hakina budi kuingia katikati, "give it up", na asemaye "give up it" hujulikana mara kuwa mgeni. Kitenzi kifuatacho nacho huchukua mwisho wa "-ing", wala hakifuati "to": mwanafunzi aandikapo "he gave up to smoke" amesema ya kuwa mtu aliacha mambo mengine ili apate kuvuta, jambo ambalo labda ni kweli kwa baadhi ya watu, lakini silo alilokusudia. Tena kuna "give up on", ambayo huwekwa kwa mtu tuliyemtumainia tukaacha: hiyo ni kumkatia tamaa, kwa -ia ile ile tuliyoiona katika kumwulia mbali nyoka.

Kwa habari ya kitendawili twapenda kujua zaidi. Mahali pengine, walioshindwa hawaachiwi kutaja mji wowote wa mbali, ila wautoe mji wao wenyewe. Na pengine mtegaji huukataa mji wa kwanza akataka mkubwa zaidi. Wasomaji wenye kujua maneno yatumikayo kwao hapo, katika Kiswahili au katika lugha zao za nyumbani, na watuandikie, wakitaja jina la mahali na neno lenyewe kama linavyosemwa.